Vifyekeo vya vichaka kwa loda ya skidi

Vifyekeo vya vichaka kwa loda ya skidi ni vifaa vinavyofungwa mbele ya mashine hiyo ndogo ya kazi za shamba na ujenzi ili kukata, kusaga au kung'oa vichaka na miti midogo. Vifaa hivi havina injini. Huendeshwa na mafuta ya haidroliki yanayosukumwa na pampu ya loda, yakipita kwenye mipira hadi kwenye mota iliyo juu ya kifaa. Kwa sababu hiyo kifyekeo kinachofanya kazi vizuri kwenye mashine moja huweza kuwa mzigo tu kwenye mashine nyingine, hata kama vinafungika pamoja bila shida.

Mambo matatu huamua uchaguzi: kiasi cha mafuta ambacho mashine inaweza kutoa, unene wa mashina yatakayokatwa, na tabia ya mmea baada ya kukatwa. Wauzaji huzungumza sana juu ya hayo mawili ya kwanza. La tatu husahauliwa, na ndilo linalofanya mashamba mengi yafyekwe mara mbili au tatu kwa gharama ileile.

Mashine yenyewe

Loda ya skidi ni mashine fupi ya magurudumu manne ambayo hayakati kona kama ya gari. Magurudumu ya kushoto huendeshwa pamoja, na ya kulia vivyo hivyo. Ili kugeuka, upande mmoja huenda kasi kuliko mwingine na matairi huburutwa juu ya ardhi. Neno skidi linatokana na kuteleza huko. Dereva huketi katikati ya mikono miwili ya chuma inayopanda na kushuka kandokando ya kibanda chake. Katika mashine nyingi huingia na kutoka kwa mbele, yaani kwa kupita juu ya kifaa kilichofungwa.

Asili yake ni banda la batamzinga. Mnamo 1957 ndugu wawili, Cyril na Louis Keller, waliokuwa na karakana katika mji mdogo wa Rothsay, jimbo la Minnesota nchini Marekani, walimtengenezea mfugaji mmoja mashine ndogo ya kuzoa samadi katikati ya nguzo za banda lake. Ilikuwa na magurudumu matatu. Mwaka uliofuata kampuni ya Melroe ya Gwinner, North Dakota, ilianza kuiunda kwa ajili ya soko. Mwaka 1960 ilitoka ya magurudumu manne, na 1962 ikapewa jina la biashara Bobcat. Jina hilo limeenea kiasi kwamba hata Afrika Mashariki watu wengi kwenye maeneo ya ujenzi huita loda yoyote ya aina hii bobcat, bila kujali imetoka kiwandani kwa nani.

Kilichoigeuza mashine ya samadi kuwa mashine ya kufyekea ni bamba la mbele la kufungia vifaa. Dereva huingiza ukingo wa juu wa bamba chini ya mdomo wa kifaa, hukiinamisha nyuma, kisha hushusha pini mbili zinazoingia kwenye matundu ya chini. Vipimo vya bamba hilo sasa vimewekwa katika kiwango cha kimataifa ISO 24410, kilichotolewa 2005, hivyo kifaa cha kampuni moja hushika kwenye mashine ya kampuni nyingine. Ulinganifu huo ni neema, lakini pia huwapoteza wanunuzi, kwa kuwa huwafanya waamini kwamba kinachofungika kitafanya kazi.

Siku hizi kuna pia loda za mikanda ya mpira badala ya magurudumu. Hizo hukandamiza ardhi kidogo, hupanda mteremko kwa uthabiti zaidi na hazitobolewi na miiba. Ubaya wake ni kwamba mkanda mmoja ukichanwa na kisiki kilichokatwa kwa mshazari, gharama yake ni kubwa kuliko ya tairi kadhaa.

Mafuta ndiyo nguvu

Nguvu ya injini iliyoandikwa ubavuni mwa mashine si nguvu inayokifikia kifyekeo. Kinachokifikia ni zao la vitu viwili: shinikizo la mafuta na mtiririko wake, yaani lita ngapi hupita kwa dakika. Hesabu yake ni rahisi. Shinikizo kwa bar huzidishwa kwa lita za kila dakika, kisha jibu hugawanywa kwa 600. Kinachopatikana ni kilowati.

Loda ya kawaida hutoa kati ya lita 60 na 95 kwa dakika. Tuchukue mashine inayotoa lita 75 kwa shinikizo la bar 200: 75 mara 200 ni 15,000, na ikigawanywa kwa 600 ni kilowati 25. Sasa tuchukue mashine yenye mfumo wa mtiririko mkubwa, inayotoa lita 130 kwa bar 230. Hiyo hutoa karibu kilowati 50, yaani maradufu. Mashine hizo mbili huweza kuonekana sawa kwa nje, na hata injini zao zisitofautiane sana. Nguvu inayofika kwenye visu ni pungufu zaidi ya hapo, kwa sababu sehemu yake hupotea kuwa joto ndani ya mipira, viungio na mota yenyewe.

Kila kifyekeo kina kibandiko au kitabu kinachotaja mtiririko wa chini na wa juu kinachouhitaji. Kikipewa mafuta machache, visu huzunguka polepole, huparura badala ya kukata, na husimama kila vinapokutana na shina nene. Kikipewa mafuta mengi kuliko kiwango, mota hupita kasi yake, sili hupasuka na visu hurushwa kwa nguvu ambayo kifuniko hakikuundwa kuizuia. Kosa la kwanza hugharimu muda na mafuta; la pili huweza kugharimu maisha.

Anayenunua mashine iliyokwisha kutumika afanye zaidi ya kusoma kitabu. Pampu iliyochakaa haitoi tena lita zilizoandikwa. Fundi mwenye kipima mtiririko hukifunga kwenye viungio vya mbele, huyaacha mafuta yapate joto la kazini, kisha husoma lita chini ya mzigo. Kupima mafuta yakiwa baridi hakuna maana, kwa sababu mafuta mazito huficha uchakavu wa pampu.

Liko jambo jingine ambalo huharibu mota mpya ndani ya siku moja. Mota nyingi za nguvu, hasa za pistoni, zina mpira wa tatu mwembamba unaorudisha kwenye tangi mafuta yanayovuja ndani ya mota. Mpira huo usipounganishwa, au ukiunganishwa mahali penye shinikizo, mafuta hukosa pa kutokea na kusukuma nje sili ya ekseli. Mashine isiyo na tundu la mpira wa tatu hulazimika kuongezwa tundu hilo kabla ya kifaa cha aina hiyo kufungwa.

Uzito nao hupimwa. Uwezo rasmi wa kubeba wa loda ya magurudumu ni nusu ya mzigo unaoweza kuipindua kwa mbele. Kwa loda ya mikanda huhesabiwa asilimia 35. Ngoma ya kusagia yenye kilo 1,100 haistahili mashine yenye uwezo wa kubeba kilo 900. Itainyanyua, hiyo ni kweli, lakini kwenye mteremko magurudumu ya nyuma huwa mepesi na dereva hubaki na mashine isiyotii.

Aina za vifyekeo

Kifyekeo cha mzunguko ndicho cha bei nafuu na ndicho kinachowafaa watu wengi. Ni sanduku bapa la chuma lenye upana wa mita 1.5 hadi 1.8, na chini yake diski inayobeba visu viwili hadi vinne. Visu hivyo havikukazwa kabisa. Huning'inia kwenye bolti nene na kunyooshwa na kasi ya mzunguko, hivyo kisu kikigonga jiwe hurudi nyuma badala ya kuvunjika. Diski yenyewe imebonyea kama sahani ili iteleze juu ya visiki. Kifaa hiki hukata majani marefu, vichaka vya miiba na mashina ya sentimita 7 hadi 10, na vile vizito vya mtiririko mkubwa hufika sentimita 15 au zaidi. Kinachobaki nyuma si kizuri kutazama: fito ndefu zilizolala ovyo na visiki vyenye ncha. Ng'ombe wakiingizwa humo mapema huumia kwato, na tairi za trekta hutobolewa.

Ngoma ya kusagia ni silinda iliyojaa meno, inayozunguka kwa kasi kubwa ndani ya kasha la chuma. Mti husukumwa, huegemea, kisha husagwa kutoka juu hadi chini na kubaki tandazo la vipande vidogo juu ya udongo. Huweza kusaga mashina ya sentimita 15 hadi 20, na kazi yake ni safi kuliko ya kifyekeo cha mzunguko. Lakini hula mafuta mengi, ni nzito, na meno yake ni gharama isiyokwisha. Karibu zote hudai mtiririko mkubwa. Zipo ndogo za mtiririko wa kawaida, nazo hufanya kazi kwa vichaka vyembamba ikiwa dereva ana subira.

Meno ni ya namna mbili. Yale yenye ncha za kabidi ya tangsteni ni butu lakini magumu; huvumilia mchanga na mawe madogo na hudumu muda mrefu. Yale ya chuma yaliyonolewa kama randa hukata haraka zaidi na kwa nguvu kidogo, ila jiwe moja tu huweza kuyaharibu asubuhi ile ile yaliyonolewa. Kwa ardhi ya mawe au shamba la zamani lenye vipande vya seng'enge, kabidi ndiyo salama, ingawa kazi huwa ya polepole.

Diski ya kusagia ni gurudumu zito la chuma lenye meno ukingoni, na hulala kama kifyekeo cha mzunguko. Huangusha miti kwa kasi kuliko ngoma na huweka nguvu akiba katika uzito wake. Hata hivyo hurusha vipande mbali mno, hivyo haifai kabisa karibu na nyumba au barabara. Kifyekeo cha nyundo, chenye visu vingi vidogo vinavyoning'inia kwenye mhimili, ni cha vichaka laini na pembezoni mwa njia. Hurusha vitu kidogo kuliko vingine.

Viko pia vifaa visivyozunguka: koleo lenye kucha ndefu la kung'olea na kubebea vichaka, na mkasi wa miti unaobana shina na kulikata usawa wa ardhi. Hivi hutumia mafuta kidogo, hufanya kazi kwenye karibu mashine yoyote, na havirushi kitu. Mwenye miti iliyotawanyika, mmoja hapa na mwingine kule, mara nyingi hahitaji zaidi ya mkasi na koleo, hata kama jirani yake anajivunia ngoma ya kusagia.

Mmea unafanya nini baada ya kukatwa

Mifano miwili kutoka nyanda za Marekani huonyesha jambo hili waziwazi. Mreteni mwekundu wa mashariki (Juniperus virginiana) umevamia malisho ya Oklahoma, Kansas na Nebraska, hasa baada ya watu kuzima moto wa nyika uliokuwa ukiua miche yake. Mti huu haurudi tena ukikatwa chini ya tawi la mwisho lenye majani mabichi, kwa kuwa kisiki chake hakina macho ya kuchipua. Mkasi au kifyekeo chochote kinachofika karibu na ardhi humaliza kazi kwa mkato mmoja. Ukiachwa na tawi moja la kijani chini kabisa, tawi hilo hugeuka kuwa mti.

Mesquite wa Texas, wa jenasi Prosopis, ni kinyume chake. Macho yake ya kuchipua yako chini ya udongo, kwenye sehemu ya shina iliyofukiwa. Ukifyekwa juu ya ardhi, shina moja hurudi likiwa kichaka cha mashina mengi, chenye miiba zaidi na kigumu zaidi kufyeka kuliko mwanzo. Wafugaji wa huko hulazimika kuchagua: ama kupaka dawa ya kuua magugu kwenye kisiki mara tu baada ya kukata, ama kung'oa mti pamoja na sehemu hiyo ya chini ya ardhi. Kwa kupaka, baadhi ya mikasi hufungwa tangi dogo na bomba la kunyunyizia. Kwa kung'oa huhitajika meno ya chuma yanayoingia ardhini. Ngoma ya kusagia peke yake hupamba shamba kwa msimu mmoja tu.

Ndugu wa mesquite, Prosopis juliflora, yuko Afrika Mashariki na watu wa Kenya humwita mathenge. Uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni, kisha ukaenea hadi kuziba njia, malisho na kingo za maji. Nao huchipua kwenye kisiki. Mahali ambapo mashine huingizwa kuufyeka, kanuni ya Texas ni ileile: kazi isiyofika kwenye mzizi, au isiyofuatwa na matumizi ya ardhi kama kilimo, hurudiwa. Maganda yake matamu huliwa na mifugo, na mbegu hupita salama tumboni na kuota ndani ya kinyesi, hivyo mifugo ikitoka palipovamiwa na kuingia palipofyekwa huanzisha upya kila kitu.

Tandazo nalo lina pande mbili. Huzuia mmomonyoko na kuhifadhi unyevu, lakini likiwa nene huzuia majani ya malisho yasiote, na likikauka ni chakula cha moto. La mreteni lina mafuta ya asili na huwaka kwa urahisi.

Hatari kazini

Visu vya kifyekeo cha mzunguko vinapochora duara la mita 1.7 kwa mizunguko 900 kwa dakika, ncha zake huenda mita 80 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Jiwe au kipande cha seng'enge kinachoguswa na ncha hiyo huruka kama risasi. Watengenezaji wengi hutaja umbali wa mita 90 ambao mtu au mnyama asikaribie, na umbali huo ni wa pande zote, si wa mbele tu. Watoto wanaokuja kutazama mashine ndio wa kuangaliwa kwanza. Akionekana mtu amekaribia, dereva husimamisha visu kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Dereva mwenyewe hukingwa na mlango wa polikaboneti, unene wa milimita 12 au zaidi. Kioo cha kawaida hakitoshi kwa kazi hii. Kibanda kiwe kimethibitishwa dhidi ya kupinduka na dhidi ya vitu vinavyoanguka, na kwa kazi ya kusaga miti kiwe pia na nondo au wavu juu na nyuma, kwa kuwa mti unaokatwa huweza kurudi upande wa mashine.

Kabla ya siku ya kwanza shamba hutembelewa kwa miguu. Hutafutwa mawe, visima vilivyoachwa, mashimo, mizinga ya nyuki, nguzo zilizolala na zaidi ya vyote waya. Seng'enge iliyofichwa na majani hujizungusha kwenye mhimili, hukata sili za beringi, na ncha yake iliyo huru huchapa kila kitu kilicho karibu.

Mwaka 1998 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari juu ya vifo vinavyosababishwa na loda za skidi. Waliokufa walibanwa kati ya mikono ya loda na fremu au kati ya ndoo na fremu, au mashine ilipinduka. Wengi wa wanaobanwa huwa wanatoka, wanaingia, au wanainama kushughulikia kitu mikono ikiwa juu. Ndiyo maana kila loda ina mkanda na fito ya usalama vinavyofunga mikono dereva anaponyanyuka, na ndiyo maana kuvifunga kwa waya ili visisumbue ni kujichimbia kaburi. Anayelazimika kufanya kazi chini ya mikono iliyoinuliwa huweka kwanza kigingi cha chuma kilichotengenezwa na kiwanda kwa ajili hiyo, kikikaa juu ya fimbo ya silinda. Gogo au jeki havikubaliki.

Matunzo

Matunzo huanza kwenye pini mbili za bamba. Baada ya kufunga kifaa, dereva hushuka na kuona kwa macho kwamba pini zimetokeza chini ya matundu, kisha hukandamiza ukingo wa mbele wa kifaa ardhini. Kikibaki kimeshika, ni salama kunyanyua. Mchanga na vijiti vikijaa kwenye tundu, pini huonekana imeingia kumbe imeishia nusu, na kifyekeo cha nusu tani hudondoka mashine ikiwa kwenye mwendo.

Viungio vya mafuta hufutwa kwa kitambaa safi kila vinapounganishwa. Punje ya mchanga inayoingia hapo huweza kupita kwenye mota kabla ya kufika kwenye chujio. Kifaa kilichoachwa juani bila kuunganishwa mara nyingi hukataa kuungana, kwa sababu mafuta yaliyofungiwa ndani hupanuka na kujaza shinikizo. Dawa yake ni kukiweka kivulini, au kutoa shinikizo kwa njia iliyoelezwa kwenye kitabu chake. Kugonga kiungio kwa nyundo huharibu uso wake bapa, na kuanzia hapo kitavuja daima.

Mipira hukaguliwa mahali inapopinda na inapogusana na chuma. Uvujaji mdogo hautafutwi kwa mkono kamwe. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano kwa shinikizo la bar 200 hupenya ngozi, na jeraha lake mwanzoni huonekana kama mwiba tu na haliumi sana. Ndani, mafuta yanaua nyama. Anayepatwa na hilo hupelekwa hospitali saa ile ile na kueleza wazi kwamba ni mafuta ya haidroliki, maana kuchelewa kumewapotezea watu vidole na mikono. Uvujaji hutafutwa kwa kupitisha kipande cha boksi karibu na mpira.

Visu vya kifyekeo cha mzunguko havinolewi hadi kuwa kama wembe. Ukingo huachwa na ubutu wa milimita moja na nusu hivi. Ukiwa mwembamba kuliko hapo humeguka kwenye shina la kwanza gumu. Chuma kikipata joto la mashine ya kunolea hadi kubadili rangi, ugumu wake umekwisha. Visu hunolewa na hubadilishwa vyote kwa pamoja, na uzito wake hulinganishwa, kwa kuwa tofauti ya gramu chache kwa kasi ile huwa mtikisiko unaomaliza beringi. Kisu chenye ufa hutupwa. Kukichomelea ni kosa linalofanywa sana kwenye karakana ndogo: joto la kuchomelea hulegeza chuma pembeni mwa mshono, na kisu hukatikia hapohapo kikiwa kazini. Bolti na nati za visu hufuata kanuni hiyohiyo. Hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu kufikia kiwango cha kiwanda, na hazibadilishwi kwa bolti yoyote inayopatikana dukani.

Meno ya ngoma hukaguliwa kila asubuhi, ngoma ikizungushwa kwa mkono huku injini imezimwa na ufunguo umetolewa. Jino lililokatika hubadilishwa kabla ya kuanza, si jioni, kwa sababu kishikio chake kitakwanguliwa na kubadilisha kishikio ni kazi ya kuchomelea ndani ya kiwanda au kwa fundi hodari. Ngoma zinazoendeshwa kwa mkanda huhitaji mkanda kukazwa baada ya saa chache za mwanzo, kwani mkanda mpya hunyooka. Zenye gia boksi huangaliwa kiwango cha mafuta yake. Mafuta yakigeuka meupe kama maziwa, maji yameingia.

Grisi hupigwa kwenye beringi za ngoma kila siku au kama kitabu kinavyosema. Nipo hufutwa kwanza. Grisi ikizidi mno, sili hutoka nje na vumbi huingia, hivyo mikono yenye bidii kupita kiasi nayo huharibu. Kamba za mimea na waya zilizojizungusha mwishoni mwa mhimili huondolewa kwa kisu, visu au ngoma ikiwa imesimama kabisa. Diski nzito huendelea kuzunguka kwa muda baada ya mafuta kukatwa, wakati mwingine karibu dakika nzima, na kelele za injini humfanya mtu adhani imesimama.

Adui mkubwa wa mashine katika kazi hii ni joto. Ngoma inaposimama kwenye shina nene, mafuta yote hupitia vali ya kupunguza shinikizo na nguvu yake yote hugeuka joto. Dereva mzuri husikiliza mlio. Unapoanza kushuka hurudi nyuma kidogo, huacha ngoma ipate kasi, kisha husogea tena. Mafuta yakipita takriban nyuzi 82 za Selsiasi, sili huanza kukakamaa na mafuta yenyewe huchakaa haraka. Wakati huohuo vumbi na vipande vya majani huziba rejeta na kipoza mafuta. Katika vichaka vikavu hewa ya kupuliza huhitajika mara kadhaa kwa siku, ikipulizwa kutoka upande ambao hewa ya feni hutokea, na chujio la hewa hukaguliwa kila siku.

Vipande hivyohivyo hujikusanya chini ya injini na juu ya bomba la moshi, na huko ndiko moto huanzia. Kifuniko cha chini hufunguliwa na kusafishwa kila jioni, si kila wiki. Kizima moto huwekwa mahali ambapo dereva anakifikia akiwa ndani. Mashine huegeshwa kwenye udongo mtupu, mbali na ghala na majani makavu, na mtu hubaki nayo nusu saa hivi baada ya kuzimwa, maana cheche iliyofukiwa kwenye unga wa mbao huchukua muda kabla ya kuwaka.

Kifaa kinachowekwa kwa msimu mzima huoshwa, hukaushwa, na hupigwa grisi mpaka ile ya zamani iliyobeba maji itoke. Ncha za viungio huzibwa kwa vifuniko vyake, na mipira hulazwa juu ya kifaa, mbali na ardhi, kwa sababu panya hupenda kuitafuna. Fimbo za silinda zilizobaki nje hupakwa grisi zisishike kutu. Kifaa hukalishwa juu ya mbao, visu vikiwa vimeshushwa, mahali ambapo loda inaweza kukifikia moja kwa moja bila mtu kukisukuma kwa mikono.